Safari ya Pwani: Siku isiyohesabiwa

KILA shule zinapofungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, maelfu ya familia za Nairobi hufunga mizigo na kushika njia kuelekea Pwani. Kwa miezi kadhaa baba amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo, mama amechagua nguo za kuogelea katika mitumba ya Gikomba, nao watoto wamewaringia wenzao kwamba Krismasi itawakuta baharini.

Ukiwauliza wameipangaje likizo hiyo, watakuhesabia siku moja baada ya nyingine: siku ya kuzuru Fort Jesus, siku ya kupanda ngalawa, siku ya kununua zawadi, na siku ya kukaa tu mchangani bila kufanya lolote. Lakini kuna siku moja ambayo aghalabu haimo katika hesabu hiyo. Ni siku ya safari yenyewe.

Siku hiyo huchukuliwa kama kizingiti cha kurukwa upesi ili raha ianze. Haitengewi pesa, haitengewi muda wala haitengewi usingizi. Waama, ndiyo siku ndefu kuliko zote, ndiyo yenye ugomvi mwingi kuliko zote, na kwa familia nyingi ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Familia moja ya mtaa wa Umoja, ambayo iliomba majina yasitajwe, ilinisimulia jinsi siku hiyo ilivyokuwa kwao Desemba iliyopita. Walikuwa watu sita: baba, mama, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 8, kitinda mimba wa miaka miwili, na nyanya mzaa baba aliyekuja kutoka Kakamega juma hilo. Nyanya huyo, mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, hakuwa ameiona bahari maishani mwake.

Hesabu ya nauli

Mpango wao wa kwanza ulikuwa treni. Reli mpya ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, yenye urefu wa kilomita 472, ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tangu wakati huo imekuwa kimbilio la familia nyingi. Treni ya moja kwa moja huchukua muda wa saa tano hivi. Wazee wanaoikumbuka treni ya zamani, ile iliyoondoka Nairobi magharibi na kuingia Mombasa asubuhi ya siku ya pili, hawaamini masikio yao.

Mama alipiga hesabu. Nauli ya daraja la kawaida, iliyopandishwa Januari 2024 kutoka sh1,000, ilikuwa sh1,500 kwa mtu mzima. Watoto wa kati ya miaka mitatu na 11 hulipa nusu, na walio chini ya hapo hawalipi. Kwa hivyo watu wazima watatu na binti wangelipa sh6,000, mvulana sh750, naye kitinda mimba asafiri bure. Jumla sh6,750 kwenda, na kiasi kicho hicho kurudi.

Hesabu ilikuwa nzuri, ila tiketi hazikuwapo. Walipoanza kuzitafuta, juma moja tu kabla ya safari, viti vya siku walizotaka vilikuwa vimekwisha. Kila mwaka mwezi wa Desemba huwa hivyo, na kila mwaka kuna familia zinazoshangaa.

Basi baba akaazima gari la viti saba kutoka kwa kaka yake. Aliona kwamba kwa gari wangeokoa pesa, wangesimama wanapotaka, na wangefika mlangoni mwa nyumba waliyokodi Diani bila kubadilisha magari. Yote hayo yalikuwa kweli. Jambo ambalo hakuna aliyelitia katika hesabu ni kwamba gari hilo lingekuwa na dereva mmoja tu.

Saa tatu za usingizi

Ijumaa baba aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida na kwenda kazini Industrial Area. Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwaka katika ghala analosimamia, hivyo alitoka saa tatu usiku. Alifika nyumbani saa nne, akala, akapanga mizigo garini, akatafuta kamba ya kufungia godoro la mtoto, na kuingia kitandani saa saba usiku. Saa kumi alfajiri kengele ya simu ikalia. Alikuwa amelala saa tatu.

Waliazimia kuondoka saa kumi na moja. Waliondoka saa mbili na nusu. Kitinda mimba aliamka na mafua. Funguo za nyumba zilipaswa kuachiwa mlinzi, naye mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Gurudumu moja lilihitaji upepo. Kwenye kituo cha mafuta palikuwa na foleni ya watu waliokuwa wanakwenda huko huko.

Mama anasema kwamba ugomvi wa kwanza ulizuka kabla hawajatoka Umoja. Baba alilaumu mizigo, mama akalaumu simu zake za kazini, binti akaweka vidubwasha masikioni na kugeukia dirisha. Nyanya, aliyepewa kiti cha mbele kwa heshima ya umri wake, hakusema neno.

Mlolongo na Athi River ziliwala saa moja na nusu nyingine. Barabara hii si ya watalii pekee. Ndiyo inayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Uganda, Rwanda na Kongo, na sehemu yake kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Anayesafiri na watoto anaandamana na matrela yenye kontena bega kwa bega, kupanda na kushuka, karibu kilomita 480.

Ukiwa katika basi hali haibadiliki sana. Magari ya abiria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, kanuni iliyotiliwa mkazo tangu mageuzi ya marehemu John Michuki ya mwaka 2004. Kilomita 480 kwa mwendo huo ni saa sita hata kama basi halitasimama mahali popote. Ongeza misongamano, maankuli na kwenda haja, na saa nane au tisa si jambo la ajabu. Anayekuahidi kwamba utakula chakula cha mchana Mombasa ukitoka Nairobi asubuhi anakudanganya, au anapanga kukimbia kupita kiasi.

Tumbo na simu

Walipofika Salama, mvulana alitapika. Alikuwa ameinamia mchezo wa simu tangu Athi River.

Ugonjwa huu wa safari huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na 12. Sehemu ya ndani ya sikio, ambayo kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba mwili unakwenda, husema tunapinda, tunapanda, tunashuka. Macho yaliyokazwa kwenye simu au kitabu husema tumetulia. Ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo hulipa. Dawa ya kwanza ni kuinua macho na kutazama mbali, pale mbingu zinapokutana na nchi. Hewa safi, chakula chepesi na kipande cha tangawizi husaidia baadhi ya watoto. Kuna vidonge pia, lakini humezwa kabla ya safari, na ni vizuri kumuuliza mwuza dawa ni vipi vinavyofaa umri wa mtoto.

Mama alichukua simu, akamketisha mvulana kando ya dirisha na kumwonyesha nchi. Kumbe kulikuwa na mengi ya kuona. Siku zisizo na mawingu, karibu na Emali, kilele cha Kilimanjaro hujitokeza upande wa kulia. Vilima vya Chyulu hufuata. Baada ya Kibwezi mibuyu huanza kusimama pande zote, na udongo hubadilika ukawa mwekundu kama tofali. Huku hewa nayo ikizidi kuwa nzito, maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na safari nzima ni ya kuteremka. Sweta zilizovaliwa Umoja alfajiri zilikuwa zimevuliwa moja baada ya nyingine.

Sahani ya bure Makindu

Saa saba mchana waliingia Makindu wakiwa na njaa. Hapo kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Wengi wa waumini wa dini hiyo walikuja nchini kufanya kazi ya reli, na desturi yao ya kumlisha kila mgeni bila kumuuliza kabila wala dini imedumu hapo hadi leo. Msafiri huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa, huketi na wengine na kula chapati, dengu na chai. Hakuna bei. Anayetaka hutoa sadaka.

Nyanya alifurahi mno. Alisema ni mara ya kwanza kula kwa watu asiowajua bila kuulizwa yeye ni mama wa nani. Watoto walikimbia kivulini wakanyoosha miguu. Kwa muda wa saa moja hakukuwa na ugomvi.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angetafuta pa kujinyoosha kwa dakika 20 akalala. Baba aliangalia saa. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia na jua lilikuwa limepita utosini. Akawaambia waingie garini.

Abiria asiyelipa nauli

Mtito Andei, ambapo mabasi mengi husimama kwa kuwa ndipo nusu ya safari, waliipita saa tisa. Mbele yao kulikuwa na Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, na barabara inayopita katikati yake. Mama aliwasimulia watoto habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli hapo mwaka 1898, na ambao hivi leo wamo katika jumba la makumbusho la Field Museum jijini Chicago, Marekani. Watoto walisikiliza, kisha mmoja baada ya mwingine wakasinzia. Mama naye, kitinda mimba mapajani, akafumba macho.

Waliobaki macho ni wawili: baba, na mama yake.

Nyanya anasema kwamba aliona kwanza mikono. Ilikuwa imelegea kwenye usukani. Halafu akaona kichwa kikiinama kidogo na kuinuka, kama cha mtu anayeitikia jambo. Gari likaanza kuegemea kulia. Trela lililokuwa likija likapiga honi ndefu. Baba akashtuka, akarudisha gari upande wake, na upepo wa trela hilo ukayumbisha vioo.

"Mwanangu, simamisha gari," nyanya akasema.

"Nimeamka, mama. Voi si mbali."

"Najua Voi si mbali. Kaburi pia si mbali. Simamisha."

Alisimamisha. Mama wa watoto alikuwa ameamka kwa honi, na ilimchukua muda kuelewa kilichotokea. Binti alikuwa akilia bila sauti.

Wataalamu wa usalama barabarani wanaujua usingizi wa namna hii. Haumjii dereva kwa kumwomba ruhusa. Huchukua sekunde tatu au nne, macho wakati mwingine yakiwa wazi, na anayeupata huenda asijue kwamba alilala. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita zaidi ya mita 110 katika sekunde nne, yaani uwanja mzima wa kandanda bila dereva. Saa zenye hatari zaidi ni zile za kati ya usiku wa manane na alfajiri, na zile za kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati mwili wenyewe hutaka kupumzika hata kama mtu hajala.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2016 na AAA Foundation for Traffic Safety ulionyesha kwamba madereva waliolala saa nne au tano tu katika siku nzima walikuwa katika hatari ya ajali zaidi ya mara nne kuliko waliolala saa saba au zaidi. Waliolala chini ya saa nne hatari yao ilizidi mara 11. Baba huyu alikuwa amelala saa tatu. Hakuwa amekunywa pombe, hakuwa akikimbia kupita kiasi, na leseni yake ilikuwa safi. Askari yeyote angemsimamisha angempungia mkono apite.

Muziki wa sauti ya juu, dirisha wazi na maji usoni havitibu jambo hili. Kahawa husaidia, lakini huchukua karibu nusu saa kabla ya kufanya kazi, na haidumu. Dawa ya usingizi ni kulala.

Usiku wa Voi

Baada ya kupumzika kando ya njia, waliingia Voi polepole saa kumi na moja jioni. Zilibaki karibu kilomita 190 hadi Diani, ambazo zingewachukua hadi usiku. Baba alitaka kunywa kahawa na kuendelea. Nyanya akasema kwamba yeye haingii tena katika gari hilo hadi asubuhi, na atakayetaka kumwacha amwache.

Hapo ndipo mama wa watoto alipojikuta katikati. Nyumba ya Diani walikuwa wamekwisha kuilipia, sh5,500 kwa usiku mmoja, na mwenyewe hangerudisha hata senti. Vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya Voi vilikuwa sh3,000. Kulala hapo maana yake ni kupoteza sh8,500, pesa ambazo zingetosha ngalawa, zawadi na samaki wa siku mbili.

"Baba Watoto," akasema mwishowe, "hizo pesa tutazitafuta tena."

Baba hakujibu. Anakiri kwamba alikasirika. Aliona ameaibishwa mbele ya watoto wake na mama mzazi, kwa kazi ambayo alidhani ni ya mwanamume kuikamilisha. Wanaume wengi watamwelewa. Kuna fahari fulani katika kusema nilitoka Nairobi asubuhi na jioni nikawa Diani, na hakuna anayejisifu kwamba alilala njiani.

Jioni hiyo, watoto wakiwa wamelala chini ya chandarua, nyanya alimwita mwanawe nje. Mumewe marehemu, baba ya huyu aliyekuwa akiendesha, alikuwa dereva wa lori katika barabara hii hii kwa miaka mingi. Mwanawe aliyajua hayo. Alikumbuka mabuyu ya rangi nyekundu, nazi na samaki wakavu waliokuwa wakiletwa nyumbani. Alikumbuka pia kwamba baba yake aliacha kazi hiyo ghafla, yeye akiwa darasa la tatu, akarudi kulima. Hakuwahi kuambiwa sababu.

Nyanya alimwambia usiku huo. Marehemu alisinzia karibu na Maungu, si mbali na pale walipokuwa wameketi. Lori lilitoka barabarani. Yeye alitoka na mikwaruzo, lakini utingo wake, kijana wa miaka 19, alifariki. Tangu siku hiyo hakushika tena usukani, na hakutaka watoto wake wajue. Alichokuwa akimwambia mkewe ni kwamba usingizi ni abiria asiyelipa nauli. Hupanda bila kuonekana, na akishapanda ndiye mwenye gari.

"Sikutaka kulisema barabarani," nyanya akamwambia. "Ungetetemeka."

Baba alilala saa tisa mfululizo.

Vipande vya mwisho

Waliondoka Voi asubuhi kukiwa na ubaridi. Walipita Maungu bila mtu kuzungumza. Mackinnon Road walisimama karibu na msikiti ulio kando ya reli, ambapo wasafiri wengi, hata wasio Waislamu, husimama na kuomba salama ya njia. Mariakani ikaja, kisha Mazeras, na minazi ya kwanza ikaonekana. Mvulana alihesabu hadi 40 akachoka.

Wasafiri wengi husema kwamba kipande kigumu kuliko vyote ni hiki cha mwisho, kwa sababu moyo umekwisha kufika na mwili bado. Anayekwenda Diani kupitia kisiwani atapita Changamwe, avuke mji, kisha asubiri feri ya Likoni. Abiria wa treni naye hushuka Miritini, si katikati ya mji, na humbidi atafute gari jingine hadi kivukoni, mizigo na watoto mikononi.

Kivuko kinataka subira na heshima. Kenya haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 kupoteza maisha. Wala haijasahau Septemba 2019, mama na bintiye walipofariki Likoni baada ya gari lao kuteleza na kuingia baharini. Wanaotembea kwa miguu huvuka bure, na ni busara kwa watoto kushuka na mtu mzima na kuvuka kwa miguu, dereva akiwa na vioo wazi na breki ya mkono imevutwa.

Siku hizi anayetoka bara kwa gari ana njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo madaraja yake ya Mwache na Mteza yalianza kutumiwa na magari mwaka 2024, huanzia upande wa Miritini na kutokea Kwale, kwenye barabara ya kwenda Lungalunga, bila kugusa feri. Familia hii iliifuata. Saa nne asubuhi walikuwa Diani.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na masimulizi ya familia hii, na kwa faida ya wale wanaofikiria safari kama hiyo, haya ndiyo ya kukumbuka:

• Ihesabu siku ya safari kama siku kamili ya likizo. Itengee pesa zake, pamoja na za chumba cha dharura. Usipozitumia, utazifurahia Pwani.

• Atakayeendesha alale saa saba au nane usiku wa kuamkia safari. Kupanga mizigo si kazi yake usiku huo. Kama ametoka kazini usiku, ondokeni siku ya pili.

• Dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Emali, Makindu, Mtito Andei na Voi zote zina mahali pa kusimama. Si vyema kusimama ovyo ndani ya Tsavo, kwani ndovu hawaulizi nani ana haki ya barabara.

• Anayeketi mbele asilale. Kazi yake ni kumtazama dereva, na dereva akubali kwamba neno la aliye kando yake ni amri. Jambo hili liafikianwe nyumbani, kabla ya injini kuwashwa.

• Kamwe usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache za kununua maji. Katika jua la Voi, joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 10.

• Beba maji ya kutosha, mifuko ya kutapikia, kitambaa chenye maji, na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, si ndani ya sanduku bali mkononi.

• Watoto wa Nairobi hawajazoea malaria kama wenzao wa Pwani. Chandarua ni lazima tangu usiku wa kwanza njiani, na homa yoyote baada ya kurudi nyumbani ipimwe mara moja.

• Wanaotaka treni wakate tiketi mapema, wala wasisahau nauli ya kutoka Miritini.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Methali hii tumeizoea hata tunaisema bila kuisikia. Lakini katika barabara ya Mombasa, mwezi wa Desemba, si maneno ya kupamba mazungumzo.

Familia ya Umoja ilipofika, maji yalikuwa yamekupwa na mchanga mweupe umejitandaza hadi kwenye miamba. Watoto walikimbia na nguo zao zote. Baba alitandika leso chini ya mvinje, akasema anajinyoosha kidogo tu, na akalala hadi alasiri. Hakuna aliyemwamsha.

Nyanya alitembea polepole na mkaza mwanawe hadi maji yalipomfika vifundoni. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hapa ndipo marehemu alipokuwa akija.

Mama wa watoto alimweleza kwamba malori huishia bandarini, ng'ambo ile ya kisiwa. Hupakua mizigo, hupakia mingine na kugeuza.

"Basi huenda naye hakuiona," nyanya akasema.

Safari ya kurudi Nairobi waliipangia siku mbili, na usiku mmoja Voi.